Kiraka cha nyasi bandia uani: nilichokosea na nilichofanya upya

Mwaka wa pili tangu tutandike nyasi bandia kwenye ua wetu hapa Dar es Salaam, mtoto aliyekuwa akikimbiza mpira alilipiga kumbo jiko la mishkaki, na kabla hatujamaliza kuzoa makaa tayari palikuwa na doa jeusi lenye ukubwa wa sahani. Nyuzi za nyasi hizi aghalabu ni plastiki ya ukoo mmoja na ile ya mifuko na madumu, kwa hiyo haziungui zikawa majivu, bali huyeyuka na kugandana kuwa gamba gumu ambalo ukilikwangua kwa siku nzima halitarudi kuwa nyasi.

Si kila doa linahitaji kisu. Ncha zikiwa zimeyeyuka kidogo tu, zikate kwa mkasi mkali, kisha zichambue kwa ufagio wa nailoni wenye nywele ngumu, na baada ya wiki moja hakuna atakayeuliza. Lakini ukilifunua zulia na kukuta mgongo wake, yaani ile sehemu nyeusi iliyoshonewa nyuzi, umetoboka au umekunjamana kwa moto, hapo hakuna njia nyingine ila kukata na kutia kiraka.

Kiraka changu cha kwanza kilikuwa aibu. Nilinunua kipande kipya cha aina ile ile, nikakikata kwa mkasi kwa kukadiria macho, nikatandaza kipande cha turubai chini ya tundu, nikapaka gundi ya viatu na kukanyaga kwa miguu yote miwili. Jioni ile palionekana pazuri. Asubuhi yake, jua lilipopiga kwa upande, kiraka kilionekana kama mlango wa shimo: kilikuwa cheusi zaidi ukikitazama kutoka barazani na cheupe zaidi ukikitazama kutoka getini. Mvua za masika zilipoanza, gundi ilibanduka kwenye turubai na kona moja ikainuka, ikawa inamkwaza kila mgeni.

Kosa kubwa lilikuwa mwelekeo. Nyasi bandia zina ulalo kama manyoya ya paka: ukipitisha kiganja upande mmoja zinalala, ukipitisha upande wa pili zinasimama na kukukwaruza. Kiraka kikilazwa kinyume na wenzake, hata robo tu ya mzunguko, mwanga hukifichua daima, na hakuna gundi wala ufagio utakaoficha. Siku hizi, kabla ya kukata chochote, nachora kwa chaki mshale wa ulalo nyuma ya kipande kinachotoka na nyuma ya kile kinachoingia.

Kosa la pili ni rangi, na hili ndilo ambalo ningependa niwe nimeambiwa mapema. Jua la Pwani huchuja rangi ya nyasi kidogo kidogo bila mwenye nyumba kugundua, mpaka atie kiraka kipya katikati yake. Basi usitie kipya katikati. Kata kiraka kutoka mahali pasipoonekana kwenye zulia hilo hilo, ambalo limekula jua kwa miaka ile ile, kisha kipande kipya kipeleke kule ulikokata. Mimi nilikata nyuma ya tangi la maji.

Ukataji wenyewe hufanywa kwa kisu cha wembe, kutoka upande wa mgongo, huku ukifuata nafasi iliyo kati ya mistari ya mishono ili usikate nyuzi. Kata umbo la mraba au mstatili, kwa maana duara halifuati mishono. Kipande kibovu kikishatoka, kitumie kama kipimo: kilaze juu ya mgongo wa kipande kizima, mishale ikielekea upande mmoja, na ukate ukikifuata. Fanya kazi hii yote asubuhi na mapema. Plastiki hutanuka kwa joto, hivyo ukipima saa saba mchana na kubandika magharibi utakuta pengo ambalo hukuliacha wewe.

Kabla ya kubandika, kagua chini. Kwangu fundi alitandika zulia juu ya udongo mtupu uliosawazishwa kwa reki, na maji yalikuwa yamechimba kibonde chini ya doa lile. Nilijaza vumbi la kokoto, nikalinyunyizia maji, nikashindilia na kuacha pakauke. Bila hivyo kiraka kingezama, na kingo zake zingeachana tena hata kama gundi ingekuwa ya namna gani.

Kuhusu gundi, tafuta ile ya poliyurethani pamoja na utepe wake maalumu wa kuunganishia nyasi, wenye upana wa takriban sentimita 30. Utepe unakaa chini ya maungio, nusu upande huu na nusu upande ule. Gundi hii hukazwa na unyevu wa hewa, na hewa ya Dar es Salaam haina uchoyo wa unyevu, kwa hiyo usipake eneo kubwa kwa mara moja. Shusha kingo taratibu, ukichambua kwa vidole kila uzi uliotaka kunaswa chini, kisha weka mifuko ya mchanga juu na uwakataze watoto kupita hapo kwa siku nzima. Nilichagua mwezi wa Julai, mvua zikiwa zimekatika.

Jiko sasa linakaa juu ya sakafu ya saruji karibu na jikoni. Doa la zamani nalipata kwa kupapasa tu. Kijani kinachong'aa kuliko kingine chote kiko nyuma ya tangi, ambako anayekiona ni fundi bomba peke yake.