Sifyeki tena kingo zote za shamba

Mwaka wa kwanza nilipolima maboga na pesheni huku chini ya Kibosho, shamba nililing'arisha. Nilifyeka kingo zote, nikang'oa visiki, majani nikayachoma moto. Nguzo kuukuu za uzio, zile zilizojaa matundu, zikaishia jikoni kuwa kuni. Kila aliyepita alinisifu. Maboga yakachanua mpaka nikaanza kupiga hesabu za mauzo, kisha vitoto vikafika ukubwa wa ndimu, vikageuka njano, vikadondoka. Pesheni ndiyo usiseme: maua tele, tunda la kutafuta kwa tochi.

Nikadhani ni mbolea, nikanunua mbolea. Hela ikaenda.

Mama mmoja jirani, mkulima wa siku nyingi, ndiye aliyeniuliza nguzo zimekwenda wapi. Nilipomjibu akaguna: "Mwanangu, zile nguzo zilikuwa na wenyewe."

Wenyewe ni wale nyuki weusi wakubwa wanaovuma kama pikipiki na kutoboa mbao kavu. Ua la pesheni linawahitaji. Chavua yake, ule unga unaotungisha tunda, inakaa juu, na nyuki wa asali, kwa udogo wake, anaweza kunyonya utamu chini akaondoka bila kuigusa. Huyu mweusi mgongo wake unafika. Siku hizi nikipata gogo kavu naliegemeza kwenye uzio, wajipangie wenyewe.

Kwenye maboga kosa lilikuwa saa. Ua dume na ua jike ni mawili tofauti, nyuki ndiye anayevusha chavua kati yake; hufunguka alfajiri na kabla ya adhuhuri yameshajikunja. Mimi nilikuwa napiga dawa saa mbili asubuhi, yaani nawafukuza wakunga mama akiwa kwenye uchungu. Ukilazimika kupiga, subiri jioni, na usiyarushie maua.

Jambo jingine: acha kipande cha ardhi tupu, kisicholimwa wala kufunikwa majani. Nyuki wa porini wengi hawana mzinga wala malkia, kila jike anachimba shimo lake na kulea peke yake. Vishimo hivyo nilivimwagia maji ya moto nikidhani ni vya siafu. Bado naona aibu.

Sasa nyigu. Najua, ukimwona tu mkono unatafuta fagio. Lakini chungulia yule anayefinyanga kijichungu cha udongo ukutani: wengi wao hujaza humo viwavi waliopoozwa, wakataga yai na kuziba mlango, mtoto akizaliwa anakuta chakula mezani. Wapo pia wadogo kuliko punje ya mchele wanaotaga ndani ya kiwavi aliye hai. Hawa si hadithi za kijijini. Mwaka 1993 watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, waliachia Kenya kinyigu cha namna hiyo kutoka Asia, Cotesia flavipes, ili kipambane na funza wa mabua ya mahindi, ambaye naye asili yake ni Asia. Ila nyigu hawa wakishakomaa wanaishi kwa utamu wa maua, kwa hiyo shamba lisilo na ua halina cha kuwashikilia. Giligilani yangu sehemu naiacha ichanue, na ukingo wa hatua mbili naachia kishonanguo na alizeti mwitu.

Ukingo huo una gharama zake. Panya wanaupenda, na kishonanguo usipokikata kabla mbegu hazijakauka utakipalilia mwaka mzima. Nyigu waliojenga juu ya mlango wa chumba cha watoto niliwaondoa, sitawadanganya.

Halafu kuna maneno ya watu, kwamba huyu siku hizi amekuwa mvivu. Kwa hilo nimepata dawa: kingo tatu naziacha, ule wa barabarani naufyeka mpaka chini, maana mama mkwe hupita hapo kila Jumapili akienda kanisani.