Salio liliisha kabla begi halijatokea

Safari yangu ya kwanza Dubai niliweka vocha ya Sh 80,000 kwenye laini yangu ya nyumbani, nikaomba niwashiwe romingi, yaani niitumie laini hiyo hiyo nikiwa nje ya nchi, nikajiona mjanja. Hiyo ni ya dharura, nikasema, siigusi. Ndege ikatua, nikawasha simu, nikaitumbukiza kwenye mkoba, nikapanga foleni ya uhamiaji. Nilipofika kwenye mkanda wa mabegi nikaitoa nimtaarifu mdogo wangu kwamba nimefika salama. Salio: shilingi 212. Begi lenyewe lilikuwa bado halijatokea.

Sikuwa nimempigia mtu yeyote. Sikuwa nimefungua hata WhatsApp.

Kumbe simu haikuwa inanisubiri mimi. Ilipopata tu mtandao wa kule ikaendelea na shughuli zake: magrupu yakaanza kushusha video, picha zangu zikawa zinajipakia mtandaoni, programu zinajisasisha. Ukiwa Dar hayo yote yanakula bando na wala hushtuki. Nje, bando lako la kawaida halifanyi kazi, kila MB inakatwa kwenye salio kwa bei ya romingi. Chukulia MB moja ni Sh 2,000. Video moja ya MB 16, mashangazi wanacheza kwenye kitchen party, ni Sh 32,000. Kwa Sh 80,000 ya tatu haimalizi kushuka. Na mimi nilikuwa kwenye kamati ya harusi, hesabu wewe mwenyewe.

Hela iliniuma, lakini kilichonitesa zaidi kilikuja kesho yake. Ukiwa kwenye romingi, hata simu unayopigiwa unailipia, kwa hiyo laini ya kulipia kabla ikiishiwa salio simu haziingii. Mdogo wangu alikuwa amebaki dukani Kariakoo, anatakiwa anitumie hela ya mzigo, na mimi nimesimama Deira, mtaa wa biashara wa Dubai, mbele ya marobota ya nguo za watoto. Anapiga, hanipati. Najaribu kumpigia kwa WhatsApp kwa Wi-Fi ya dukani, haikubali. Kule Falme za Kiarabu, nchi yenye Dubai, kupigiana kwa WhatsApp kumezuiwa, zinapita meseji na voice note tu. Basi tukafanya biashara ya mamilioni kwa voice note. “Dada, rudia hiyo namba ya akaunti, hapa kuna kelele za mkokoteni.” Narudia. Muuzaji ananitazama, kalkuleta mkononi.

Utasikia watu wanashauri: toa laini ya nyumbani, nunua ya kule. Mimi nakubali nusu. Ya kule nunua, kwa kawaida unahitaji pasipoti tu, na kama simu yako inapokea eSIM, laini isiyo na kadi ya kuchomeka, unaweza kuinunua ukiwa bado sebuleni kwako. Ila ya nyumbani usiitoe. Benki ikitaka kuthibitisha malipo ya kadi, namba ya siri inakuja kwa SMS kwenye laini hiyo hiyo, na mitandao mingi haitozi SMS unayopokea (uliza wako kabla ya safari). Unachotakiwa kuzima ni data ya laini ile, na romingi ya data. Zima ukiwa Dar, kabla hujapanda ndege, maana ukisema utazima ukifika, ndiyo yale yangu ya mkanda wa mabegi. Ndani ya ndege weka hali ya ndegeni kweli kweli. Baadhi ya ndege zina mtandao wao wa simu unaopita kwenye satelaiti, na bei yake ni balaa.

Safari ya pili nilikuwa nimejifunza, na bado nikaliwa. Simu ya laini mbili ina kipengele kinachoruhusu data ihamie laini ya pili pale ya kwanza inapokuwa dhaifu. Niliingia ghala moja la chini kabisa, laini ya kule ikazidiwa, simu ikahamia ya Dar kimya kimya. Kitafute kipengele hicho ukizime. Na kama una voicemail, ile huduma ya kuachiwa ujumbe wa sauti usipopokea simu, piga ##002# kabla hujaondoka ili kufuta uelekezaji wote wa simu. Usipofanya hivyo, simu usiyoipokea inaweza kuhesabiwa imekufuata hadi huko, kisha ikarudishwa nyumbani kwenye voicemail, na njia zote mbili ukatozwa wewe.

Wenye laini za kulipia baadaye wasinicheke. Kampuni ya kule hutuma kumbukumbu za matumizi kwa kampuni yako baada ya muda, kwa hiyo bili inaweza kuja umeshasahau hata safari yenyewe.

Majirani zetu wana nafuu kidogo. Kenya, Uganda na Rwanda zilianza mwaka 2014 mpango wa kushusha gharama za kupigiana simu kati yao. Tanzania haikuwemo kwenye kundi lile la kwanza, kwa hiyo ukisikia Mkenya anasema Kampala anapiga simu kwa bei ya nyumbani, usidhani moja kwa moja na wewe umo, uliza mtandao wako kwanza.

Tena si lazima uvuke mpaka. Krismasi tulikuwa kwa wakwe Rombo, jikoni, nakoroga machalari, simu ikaingiza meseji: karibu Kenya. Mama mkwe akacheka. “Mwanangu, hapa simu huwa zinahama nchi zenyewe.” Minara ya ng'ambo inafika hadi migombani kwake. Nikaingia kwenye mipangilio, nikazima uchaguzi wa mtandao wa kiotomatiki, nikachagua wangu kwa mkono. Mtandao ukawa mstari mmoja, ukipanda kilimani miwili. Nikaiacha hivyo mpaka tuliporudi Moshi.