Jibu: Gego limetibiwa mzizi na haliumi tena, kofia (kifuniko kigumu kinachovishwa juu ya jino) ya nini?

Haliumi kwa sababu neva imetolewa, ndugu, si kwa sababu limepata nguvu. Kuta za jino zilizobaki ni nyembamba. Ukitafuna zinasukumwa nje mpaka jino linapasuka, na ufa ukifika mzizini ni kung'oa tu. Kofia huzibana kuta zote pamoja.

Daktari hupunguza jino milimita 1.5 hadi 2 kwa juu, anachukua kipimo, anakuvisha kofia ya muda. Hiyo ya muda, ukipitisha uzi wa kusafishia meno, uutoe kwa pembeni. Ukiuvuta juu itang'oka.

Muulize kwanza: juu ya ufizi imebaki sehemu ya jino isiyooza wala kuvunjika kiasi gani? Pasipo kimo cha kama milimita 2 kuzunguka jino, kofia haishiki vizuri. Yenyewe haiozi, ila jino huoza ukingoni mwake.