Impala ya babu isiuzwe chuma chakavu

Ndugu, Impala ya babu yako, ile Chevrolet ya 1964, imelala Kamalondo, Lubumbashi, injini yake ya V8 (silinda nane) imekwama, na fundi anataka kuweka injini ya Toyota? Mkatalie kwanza. Mimina mafuta mepesi ya kulainisha kwenye matundu ya plagi, ngoja, kisha zungusha injini kwa mkono. Yangu ilifunguka siku ya tano, nimeshakata tamaa!

Kabla ya kuagiza spea Marekani, piga picha namba iliyo nyuma ya bloku, karibu na giaboksi. Ndiyo itakayosema kama injini ni 283 au 327, yaani ukubwa wake kwa inchi za ujazo. Mzigo mzito upite Dar es Salaam hadi Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, ila muulize wakala wa forodha gharama mapema. Boliti ni za inchi: spana ya milimita hula vichwa vyake.

Breki mwachie fundi wa breki. Masta silinda yake, pampu inayosukuma mafuta ya breki, ni ya njia moja kwa magurudumu yote. Ikivuja, magurudumu yote manne hayashiki.