Ati uvimbe wa titi ukichomwa sindano unaamka?

SWALI: Shikamoo mama. Nina miaka 36, nauza ndizi soko la Mbuyuni hapa Moshi. Nina uvimbe titi la kushoto, kama punje ya hindi, hauumi. Daktari ameniandikia sindano ya kutoa kinyama. Mama mkwe hataki hata kusikia: anasema uvimbe ukichokonolewa unaamka na kusambaa. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mama mkwe wako simlaumu, maneno hayo nimeyasikia wodini miaka yote ya kazi yangu ya uuguzi. Wengi walikuwa wanakuja titi limeshatoa kidonda, ndipo wanachomwa sindano. Mgonjwa akifariki, lawama inabaki kwa sindano. Lakini sindano haiamshi kansa.

Zipo za aina mbili. Nyembamba hufyonza seli tu. Yako ni ile nene: utapigwa ganzi, ngozi itachanwa kidogo sana, hata uzi hauhitajiki, kisha kifaa kitalia "ta!" kama stepla. Wengi hushtuka kwa mlio kuliko maumivu. Kitalia mara kadhaa, na kila mara kinatoka kinyama chembamba kama kipande cha tambi, kinatumbukizwa kwenye kichupa cha fomalini, dawa ya kukihifadhi kisioze. Titi linaweza kuvia damu siku chache. Kama unatumia aspirini au dawa nyingine ya kufanya damu iwe nyepesi, sema mapema. Na mkungu wa ndizi kesho yake abebe mwingine.

Hata mimi niliwahi kuwa na uvimbe titini, nikaanza na ile nyembamba. Karatasi ikarudi imeandikwa "seli hazitoshi". Nikafurahi, nikapika pilau! Muuguzi mzima, nikasahau kwamba maana yake ni hawakupata cha kusoma, nirudi. Nikarudi, nikachomwa nene, ikaonekana ni fibroadenoma, uvimbe usio kansa. Kwa hiyo majibu yako usiishie kuambiwa "yako sawa": omba usomewe karatasi yote, kisha daktari ayalinganishe na alichopapasa na picha ya ultrasaundi. Visipokubaliana, mnarudia.

Ikiwa ni kansa (wala sikutabirii), kinyama hichohicho ndicho kitakachopimwa kujua kama inachochewa na homoni, na dawa ichaguliwe kwa hilo. Ukikatwa uvimbe wote kwanza bila kujua ni nini, unaweza kujikuta unarudishwa tena kwenye meza ya upasuaji.

Nenda na mama mkwe, akae benchi akuone unatoka kwa miguu yako. Vaa blauzi ya vifungo mbele.