Wasomaji Wauliza: Filamu za Kifaransa Zinazopenda Kuvaa

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi na kaka yangu hatuelewani kuhusu filamu za Kifaransa za mapambano na mapenzi, hasa zile za miaka ya 1980 zenye mwanga wa buluu na watu wanaovuta sigara bila kusema neno. Mimi nazipenda sana. Yeye husema kwamba ni sahani nzuri yenye maua ukingoni, lakini isiyo na bukari, yaani ugali. Nani kati yetu amesema kweli?
Msomaji wa Katuba, Lubumbashi

JIBU: Dada yangu, kaka yako ameona kasoro iliyopo, na wahakiki wengi wa Ufaransa walimtangulia kuiona, kwani waliwalaumu waongozaji Jean-Jacques Beineix na Luc Besson kwamba wanatengeneza picha zinazofanana na matangazo ya biashara. Hata hivyo, sisi wa mji huu, ambako kijana yuko tayari kulala na njaa ili anunue viatu vya sape, ile desturi yetu ya kuvaa kwa fahari, itatuwia vigumu kudai kwamba mavazi hayasemi kitu. Katika Subway ya Besson, iliyotoka mwaka 1985, Christophe Lambert anajificha katika vituo vya metro, treni ya chini ya ardhi ya Paris, akiwa amevaa suti ya sherehe, nywele zake za rangi ya dhahabu zimesimama kama miiba, na kabla hajaeleza lolote tumekwisha kumjua kuwa mtu aliyetoka karamuni na asiye na pa kurudi. Habari ya nyaraka zilizoibwa, ambayo ndiyo kisa chenyewe, ni nyepesi mno. Mimi huisahau kila mara niitazamapo.

Kwa hiyo ningemwomba kaka yako aitazame Diva, filamu ya Beineix ya mwaka 1981. Jules, kijana anayepeleka barua kwa pikipiki ndogo, amerekodi kwa siri sauti ya mwimbaji wa opera ambaye siku zote amekataa kurekodiwa. Kisha, bila yeye kujua, mwanamke anayewakimbia wauaji anatumbukiza katika mkoba wake kanda nyingine, yenye ushahidi dhidi ya mkuu wa polisi. Jules anapoteremka ngazi za metro na pikipiki yake huku polisi akimfuata mbio kwa miguu, uhondo hautokani na kasi peke yake, kwa sababu anayekimbia ni mtu mwenye sauti mbili mikononi mwake, moja aliyoiba kwa mapenzi na nyingine aliyoachiwa kwa hofu. Hapo mapambano na mapenzi yamefungwa katika uzi mmoja, na filamu inayohusu uzuri unaoibwa ina kila sababu ya kuwa nzuri machoni.

Kasoro ambayo mimi naiona kubwa zaidi ni namna filamu hizi zinavyowatendea wanawake. Chukua Nikita, ambayo Besson aliitoa mwaka 1990 na ambayo Anne Parillaud aliigiza kwa nguvu kiasi cha kupewa César, tuzo kubwa ya filamu ya Ufaransa. Bob, mwalimu wa Nikita katika idara ya siri inayomfunza kuua, anampeleka kwenye mgahawa wa fahari siku yake ya kuzaliwa na kumpa zawadi. Nikita anaifungua kwa furaha ya mtoto, anakuta bastola, na anaambiwa amuue mtu aliyeketi karibu kisha atorokee dirisha la msalani, ambalo akilifikia anakuta limezibwa kwa matofali. Sijui onyesho linaloeleza vizuri kuliko hilo jinsi mtu anavyoweza kupendwa na kutumiwa na mkono mmoja. Lakini Marco, mchumba anayempata baadaye, ameandikwa kwa uvivu: ni mpole, anangoja, basi. Na mwishoni Nikita anatoweka, tukabaki na wanaume wawili wameketi wakizungumza habari zake, kana kwamba filamu iliyomfuata kwa muda wote huo haikuwahi kumuuliza yeye mwenyewe anataka nini. Kaka yako akitaka hoja, aanzie hapo, asianzie kwenye mwanga wa buluu.

SWALI: Mchumba wangu atakuja kwetu Jumapili pamoja na mama yake. Je, 37°2 le matin inafaa kutazamwa na familia?
Msomaji wa Kamalondo, Lubumbashi

JIBU: Haifai hata kidogo, ndugu yangu. Filamu hiyo ya Beineix ya mwaka 1986 inaanza moja kwa moja kitandani, tena bila haraka ya kutoka huko, na kabla hujaipata rimoti mama mkwe atakuwa ameomba maji ya kunywa. Itazame ukiwa peke yako, maana Béatrice Dalle anaigiza vizuri ajabu, ingawa wazimu wa Betty, mhusika anayemwigiza, mara nyingine umepambwa kuliko ulivyoeleweka. Jumapili weka Taxi, ya mwaka 1998, yenye dereva wa Marseille anayeendesha kama upepo na polisi asiyeweza kufaulu mtihani wa udereva. Mapenzi yamo, lakini kila dereva huyo na mpenzi wake wanapokaribiana, kazi ya polisi inawakatiza.