Nimeambiwa nimsemee Profesa wetu, nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo mama. Profesa aliyenifundisha historia chuoni amefariki baada ya kuugua kwa muda. Idara imeandaa siku ya kumkumbuka, na wenzangu wamenichagua niseme kwa niaba ya wanafunzi wake wa zamani. Nimepewa dakika tano. Nimeandika na kufuta hadi nimechoka. Kila nikisoma nilichoandika naona kinafaa kusomwa kwenye msiba wa mtu yeyote: alikuwa mcheshi, mnyenyekevu, mchapakazi, mlezi wa wengi. (Mimi kinachonijia kila mara ni kipindi chake cha kwanza, alipotugawia nakala za barua ya zamani isiyo na tarehe, kisha akakaa kimya akisubiri tumwambie iliandikwa lini. Ila hilo naona ni dogo mno kwa hafla kama ile.) Halafu alikuwa mkali. Sura ya pili ya tasnifu yangu aliirudisha na kuirudisha hadi nikalia. Mwenzangu anasema marehemu hasemwi, niyaache hayo. La mwisho: tunayo madaftari tuliyoandika kwenye mihadhara yake, barua pepe zake na kanda chache za sauti. Kuna wanaotaka tuvifanye kitabu. Inaruhusiwa?
Mwanafunzi wake

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana kwa msiba.

Taazia yako umeshaiandika, sema umeifungia kwenye mabano. Ifungue.

Nimehariri taazia nyingi maishani, na “ameacha pengo lisilozibika” nimeifuta mpaka kidole kimeota sugu. Huenda ni kweli tupu. Lakini maneno hayo wameshaambiwa wote waliotangulia, kwa hiyo hayamtaji yeyote. Barua ile isiyo na tarehe ni ya Profesa wenu peke yake.

Hebu irudie polepole. Ilikuwa ya mwandiko wa mkono au ya taipu? Nani alijibu wa kwanza, na alibahatisha mwaka gani? Profesa alikuwa amesimama wapi wakati ninyi mnatazamana? Na hatimaye nani aligundua kitu: bei iliyotajwa, jina la mji lililokuja kubadilishwa baadaye, cheo cha mtu aliyeandikiwa? Kama umesahau, wapigie wenzako. Kila mmoja atakuletea kipande chake, na vingine vitapingana. Acha vipingane, na useme kwamba vinapingana; mwalimu wa historia hawezi kukasirikia hilo. Ukishamaliza kusimulia, hutahitaji kutuambia alikuwa mbunifu wala mvumilivu, maana ukumbi mzima utakuwa umemwona amenyamaza, anawasubiri.

Kama alikuwa mcheshi, tupe mzaha wake mmoja. Usipokuchekesha ukiwa umeandikwa, uache. Mizaha mingi haivumilii karatasi.

Tena kumbuka nani atakuwa amekaa safu ya mbele. Mke wake na watoto wake wanajua alivyokula, alivyolala, alivyougua. Kipindi chake hawakuwahi kukaa. Hicho unacho wewe, na ndicho watakachoondoka nacho. Dakika tano ni kama maneno 500, labda pungufu kama unasoma kwa utulivu. Chapa kwa herufi kubwa, kwa sababu machozi yakija herufi ndogo hazionekani.

Sasa huo ukali. Mwenzako amechanganya mambo. Kumsengenya marehemu ni kitu kimoja, na kueleza kwamba alikurudishia sura yako ni kingine kabisa. Kama kurasa zile bado unazo, zitoe usome alichoandika pambizoni. Mtu anayesoma sura ileile ya mwanafunzi tena na tena, na kila mara akaona kosa jipya, ametoa usiku wake mwingi ambao hakuna aliyemlipa. Tuambie alikuwa anakataa nini hasa. Ulidai jambo bila ushahidi? Ulimwamini mwandishi mmoja mno? Na sema kwamba ulilia. Ila zungumza kwa “mimi”. Usisimame pale ukatangaza kwamba “sisi sote tulimpenda”, kwa sababu hujui aliyekaa nyuma anabeba nini, na mwalimu mkali hakosi mtu aliyeumia kweli. Siku hiyo si ya kumshtaki, lakini pia si kazi yako kumsafisha kwa niaba ya wengine.

Kuhusu kitabu, nitasema kwa urefu kidogo, maana hapa watu wema huharibu.

Ferdinand de Saussure, mwanaisimu (mtaalamu wa sayansi ya lugha) wa Geneva, alifundisha kozi ya isimu ya jumla mara tatu kati ya 1907 na 1911, akafariki 1913 bila kuichapisha. Wenzake wawili, Charles Bally na Albert Sechehaye, walipotafuta maandalizi ya mihadhara ile hawakukuta cha maana. Rasimu zake alikuwa akizitupa. Wakakimbilia madaftari ya wanafunzi. Kitabu kikatoka 1916, na sehemu kubwa ya isimu ya karne ya 20 ikajengwa juu yake. Lakini wahariri wale hawakuwa wamehudhuria kozi yenyewe, na waliokuja baadaye kulinganisha kitabu na madaftari walikuta mada zimepangwa upya na sentensi nyingine ni za wahariri. Mwaka 1996 tena yakapatikana maandiko ya mkono wake mwenyewe kwenye nyumba ya familia huko Geneva.

Kwa hiyo msiyachanganye madaftari yenu mkatunga Profesa mmoja mnyoofu. Kila daftari libaki lilivyo, na juu yake liandikwe jina la mwenyewe, somo na mwaka. Alichoandika mwanafunzi ni alichosikia mwanafunzi, na pengine siku hiyo alikuwa anasinzia. Na kabla ya kitabu kuna jambo la haraka zaidi: ofisi yake. Chumba kile kitahitajika kwa mwingine, na karatasi za marehemu hutupwa na mtu mwenye haraka asiyejua ni za nini. Zungumzeni na idara na familia wiki hiihii, mkiomba kitu kimoja tu, kwamba pasitupwe chochote. Ya kuchapisha yasubiri familia ipumue.

Kisheria, nchi hutofautiana, lakini kwa kawaida barua aliyokutumia ni mali yako kama karatasi, huku haki ya kuyachapisha maneno yaliyomo ikibaki kwake, na sasa kwa warithi wake. Barua pepe ni vivyo hivyo. Mkataba wa kimataifa wa Berne unazitaka nchi wanachama zilinde hakimiliki kwa ujumla angalau miaka 50 baada ya mwandishi kufariki, na nyingi zimeongeza hadi 70. Maana yake, kitabu bila ridhaa ya warithi hakipo, na ridhaa hiyo iwe ya maandishi, ikitaja mnachochapisha na mapato yataenda wapi. Kunukuu mstari mmoja kwenye hotuba hakukufikishi huko, lakini waonyeshe familia kabla. Wasije wakasikia barua ya baba yao kwa mara ya kwanza kwenye kipaza sauti.

Kanda, kama ni kaseti, usizichezecheze nyumbani. Utepe wa zamani hukatika. Mtafute fundi ahamishie sauti kwenye kompyuta, mtoe nakala zaidi ya moja na mojawapo ikae maktaba ya chuo. Mtakaposikiliza mtajisikia na ninyi mkijibu ovyo. Msizikate sehemu hizo, kwa sababu majibu yake bila maswali yenu hayataeleweka.